Asali ya Askofu

Morogoro,
15 Januari 2024

Mwalimu Loyce, ndugu yangu,

Habari za Ihanja? Mvua zimeshika? Huku mahindi yamefika kiunoni, na sisi wa mjini tunayaangalia tu kwenye viwanja vya watu.

Nimemkabidhi kondakta wa basi maboksi mawili yenye jina lako. Boksi dogo lina vitabu vya wakubwa: hadithi za kale za mataifa mbalimbali zilizofupishwa kwa ajili ya darasa la sita na la saba, na riwaya nene saba au nane, zile za zamani ambazo watu hawajachoka kuzisoma, kwa walimu na mzee yeyote mwenye miwani. Boksi kubwa ni langu. Lina nakala arobaini za *Bibi Asali*. Maneno nimeandika mimi, picha nimechora mimi, kila ukurasa. Kitabu hicho kimechaguliwa miongoni mwa vitabu bora vya watoto vya mwaka. Juzi nilisimama mbele ya watu kupokea cheti, kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Ni hadithi ya kuchekesha. Bibi mmoja mlafi anaiba asali iliyowekwa kwa ajili ya wageni, na nyuki wanamkimbiza kijiji kizima. Wasomee darasa lako la pili kwa sauti, na pale pa kuimba waache waimbe. Kisha niandikie kwa mkono kama ulipokuwa chuo cha ualimu. Ujumbe wa simu unafutika, lakini barua zako zote bado ninazo. Nieleze walicheka wapi.

Msalimie mama yangu ukimkuta gulioni.

Ni mimi rafiki yako,
Aneth


Ihanja,
6 Februari 2024

Mpendwa Aneth,

Hatujambo. Maboksi yamefika salama, moja tu limelowa pembeni. Tumevipanga vitabu kwenye kabati la stoo, na kila Ijumaa mchana tunamfungulia yeyote, awe mwanafunzi au mkulima. Mzee Sostenes, fundi baiskeli, amechukua riwaya nene kuliko zote. Anasoma amekalia gurudumu, na mteja akija anaambiwa asubiri sura iishe. Mama Dorkas anayeuza vitumbua jirani yake humwomba asome kwa sauti, na mtu akipiga kelele humfukuza. Kwa hilo, asante. Hujui umetuletea nini.

Uliuliza watoto walicheka wapi. Walicheka pale nyuki walipoingia kwenye gauni la bibi. Walicheka zaidi pale pa kuimba: "Bibi, Bibi, nyosha mikono! Asali haifichiki!" Sasa wanauimba hata kwenye foleni ya uji.

Kuna mtoto mmoja hakucheka. Anaitwa Pendo Urbano, anakaa dawati la mbele. Tulipofika kwenye picha ya mkono wa yule bibi, alikifunga kitabu akakikalia. Wenzake walikuwa wanamwangalia yeye, hawaangalii kitabu.

Wazazi wake wako Itigi, analelewa na bibi yake. Bibi yake ni Mama Urbano, Yunisi, mjane wa marehemu Filipo. Unamfahamu, ulikuwa unachukua maziwa kwake tulipokuwa watoto. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vimeshikana. Bibi wa kwenye kitabu chako naye vidole viwili vya mkono wa kulia vimeshikana. Nyumba uliyomchorea ina mlango wa bluu, na nyuma yake kuna jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala. Aneth, nyumba ya namna hiyo Ihanja nzima ni moja.

Nakuuliza kama rafiki, wala sijakasirika: hadithi hii umeitoa wapi?

Wako,
Loyce


Morogoro,
14 Februari 2024

Loyce,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na nakiri imenishangaza.

Mwandishi huchukua jiwe huku, mlango kule, mkono pengine, akavichanganya. Ndiyo kazi yenyewe. Bibi Asali si mtu. Ningekuwa nimetaka kumwandika mtu ningetumia jina lake. Vidole vilivyoshikana viko vijiji vingi. Na watoto ni watoto, leo wanaimba hili, kesho wanaimba lingine. Waambie tu ni hadithi ya kubuni, halafu wasomee kitabu kingine.

Isitoshe, na hili nalisema kwa kuwa tuko wawili, mambo ya asali ile si mimi niliyeyaanzisha. Kila mtu mzima Ihanja anajua kilichotokea askofu alipokuja mwaka tisini na saba. Baba yako mwenyewe ndiye aliyelimaliza lile jambo mbele ya kanisa zima. Mama Urbano ameishi nalo miaka yote hii, naye kijiji kilishamsamehe. Kitabu hakiwezi kumwongezea wala kumpunguzia.

Samahani kama naandika kwa ukali. Wiki hii nina mwaliko wa kusoma shule tatu.

Aneth


Ihanja,
25 Februari 2024

Aneth,

Nitakueleza yaliyotokea, wewe upime kama kitabu hakimwongezei.

Jumanne Mama Urbano alikuwa anatoka mashineni na unga kichwani. Watoto wa darasa langu walimwandama tangu njia panda. "Bibi, Bibi, nyosha mikono!" Hakugeuka. Pendo alikuwa miongoni mwao. Si kwamba aliimba, ila alikuwa katikati yao. Bibi yake alipomwita ampokee mzigo, mtoto yule aliangalia pembeni kama hajaitwa yeye. Mmoja akamuuliza, "Si bibi yako huyo?" Akajibu, "Mimi simjui."

Tangu siku hiyo Pendo hali ugali aliousonga bibi yake. Anasema mkono ule ni wa wizi.

Kesho yake Mama Urbano alikuja shuleni. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa kiti. Akasema, "Mwalimu, nipe hicho kitabu wanachokiimba." Nikamwambia nitamsomea. Akasema, "Kusoma sijui. Picha nazijua."

Alikifungua mezani kwangu, akageuza ukurasa mmoja mmoja kwa mkono wa kushoto.

"Hapa ni kwangu," akasema. "Jiwe hili ndipo ninapoanika mtama. Na huyu ni mimi."

Alipofika kwenye mkono aliweka kidole juu ya maneno. "Hapa chini pameandikwa nini?"

Aneth, nilimsomea. Ningeweza kudanganya, lakini watoto walikuwa dirishani na wanayajua maneno yale kwa moyo. Nikasoma: "Asali ikavigandisha vidole vyake, kimoja na kingine, na mpaka leo havijabanduka."

"Rudia."

Nikarudia.

Akasema, "Niliangukia moto jikoni nikiwa na miaka minne. Mama yangu alikuwa ameenda kisimani. Ulikuwa hujazaliwa, wala aliyeandika hiki alikuwa hajazaliwa." Kisha akauliza, "Ni yule binti wa Jesca, siyo? Yule mtoto wa maziwa?" Nikasema ndiye. Alichukua nakala ile, akaiingiza chini ya kanga, akaondoka nayo. Nyingine zote nimezifungia stoo.

Umeandika kwamba kijiji kilimsamehe. Fikiria neno hilo kabla hujaniandikia tena.

Loyce


Morogoro,
8 Machi 2024

Loyce,

Nimelifikiria neno hilo kwa siku kumi. Sasa nitaandika haraka kabla sijaghairi.

Asali nilikula mimi.

Wiki ile ya ujio wa askofu mama alinituma kupeleka maua kanisani. Nilikuwa na miaka tisa. Ndani hapakuwa na mtu. Ndoo ndogo ya asali aliyowekewa askofu ilikuwa kwenye chumba cha mwinjilisti, juu ya meza, imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Nilichovya kidole. Kisha vidole vitatu. Kisha nikainua ndoo nzima niinywe kama maziwa, ikaniponyoka. Asali nyingi ikaingia kwenye ufa wa sakafu. Niliona nikiiacha nusu watauliza nani ameila nusu. Kwa hiyo nikapangusa sakafu kwa kile kitambaa, nikaitoa ndoo nje, nikamwaga yote iliyobaki kwenye mawe nyuma ya kanisa, nikaitupa ndoo kwenye mwanya pamoja na kitambaa. Nilikuwa peke yangu.

Siku iliyofuata baba yako, mwinjilisti Melkiori, Mungu amrehemu, aliwapanga mbele kina mama wanne waliokuwa zamu ya usafi. Akasema, "Nyosheni mikono." Watatu walinyoosha. Mama Urbano aliuacha wake wa kulia ndani ya kanga. Baba yako akasema, "Anayeficha mkono ana jambo." Loyce, kila mtu pale alijua kwa nini mama yule hauonyeshi mkono wake. Siku ile kila mtu alisahau.

Mimi nilikuwa benchi la pili, nimelala kwenye mapaja ya mama. Kucha zangu zilikuwa bado zinanata.

Utaniuliza nilithubutuje kuandika kitabu. Hata mimi najiuliza. Binti yangu alipoanza kusumbua kulala nilimtungia hadithi ya bibi na asali. Alicheka, nikairudia. Kila nilipoirudia niliongeza kitu: mara nyuki, mara wimbo, mara vidole. Nilipoketi kuichora nilikuwa nimeshaisimulia mara mia, na katika mara zote hizo mimi sikuwemo. Nilikuwa nimejitoa kwenye hadithi mpaka nikaamini kwamba sikuwepo. Nilichora ule mkono nikacheka mwenyewe. Ndicho ninachokiona sasa nikifumba macho: nimeshika kalamu ya rangi, nacheka.

Nimewaandikia wachapaji wasitishe kuuza. Nimewaambia kitabu kina kosa, sijawaambia kosa gani.

Nakuomba kitu kimoja. Nenda kwa Mama Urbano umwambie kwa niaba yangu. Wewe uko hapo, anakuheshimu, utajua kuyapanga maneno. Na mama yangu asijue kwanza. Presha yake unaijua.

Aneth


Ihanja,
19 Machi 2024

Aneth,

Siendi kwa niaba yako. Nimekwenda kwa niaba yangu.

Umeandika kwamba ulikuwa peke yako. Sijui kama umesahau au unanisitiri. Mimi nilikuwa nakusubiri njiani, kwenye minyaa. Ulitoka umeficha mkono mgongoni, ukaniambia, "Fumba macho, fumbua mdomo." Nikafanya hivyo. Hata leo naijua ladha yake. Ilikuwa asali ya nyuki wadogo, ile yenye uchachu kidogo.

Kwa hiyo nilijua. Baba aliposema "nyosheni mikono" nilijua. Jioni ile nilimsikia akimwambia mama kwamba Mungu amemfunulia mwizi, na alikuwa na furaha, Aneth, furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kisha nikajiambia nitamwambia nikimaliza darasa la saba. Alifariki mwaka 2011 akiamini alifunuliwa. Baada ya hapo nikajiambia siwezi kumvunjia heshima marehemu. Sababu haikosekani kwa anayeitafuta. Na nina miaka tisa ya kufundisha shule hii, kila asubuhi nakutana na mama yule, na kila asubuhi nimemwambia shikamoo kwa mdomo huu huu ulioilamba.

Nilipokuandikia kwa ukali kwenye barua zangu nilikuwa najificha nyuma yako. Hilo nisamehe.

Nilimkuta anapepeta mtama. Nikapiga magoti, nikamwambia kila kitu kilichokuwa changu. Hakuacha kupepeta. Nilipomaliza aliuliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akasema, "Basi shika ungo huo mwingine." Tumepepeta mpaka gunia likaisha, makapi yananiingia machoni na sijui niliyokuwa nayafuta yalikuwa makapi au nini.

Nikiwa naaga akasema, "Na mwenzio?"

Nikamwambia sijui.

Sasa nimekwambia. Mama yako pia atajua, hilo haliepukiki, na ni heri alisikie kwako.

Loyce


Ihanja,
2 Aprili 2024

Aneth,

Mama Urbano anasema, mimi naandika. Ameniambia nisipambe. Loyce.

Aneth wa Jesca. Mimi ni mzima. Mtama umekuwa wa wastani.

Mwalimu amenisomea barua yako ya kukiri. Mimi nilimwomba aisome, usimlaumu. Nilitaka kujua unasemaje usipokuwa unasema na mimi. Nimeona ulitaka kumtuma mtu. Hata mimi nina mtu wa kumtuma, ndiyo huyu anaandika, lakini mimi nimemtuma kwa sababu sijui kalamu. Wewe kalamu unaijua.

Nitakwambia kilichotokea baada ya askofu, maana wewe ulikuwa mtoto ukaenda kucheza. Niliondolewa kwenye usafi. Kwaya ya kina mama wakaacha kunipitia, nami nikaacha kwenda. Hilo si kubwa. Tulikuwa wanne siku ile. Mimi najua sikula, basi nikasema moyoni ni mmoja wa wale watatu, na nikaona ni Dorkas, huyu wa vitumbua, kwa sababu Dorkas alinyoosha mikono upesi kuliko wote. Dorkas alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Tuliolewa mwezi mmoja. Miaka ishirini na saba sijala kitumbua chake. Mtoto wake mkubwa alipokufa nilikaa msibani kwa nje, sikuingia alipokaa yeye. Kumbe hakuonja hata tone. Kwa hiyo na mimi nimemhukumu mtu kwa mikono yake, kama nilivyofanyiwa. Hiyo nayo imetoka kwenye ndoo yako.

Tena kuna Filipo. Siku ile nilirudi nyumbani nikamkuta mlangoni. Alikuwa ameshaambiwa. Hakuniuliza. Nikangoja aniulize nimjibu. Hakuuliza siku hiyo, wala mwaka huo, mpaka anakufa mwaka 2009 hakuuliza. Nami niliona nikianza kujitetea bila kuulizwa nitafanana na mwizi. Alikuwa mume mwema. Hakunipiga, hakunitukana, alikula nilichopika. Lakini sijui alikufa anaamini nini.

Mwalimu anasema mnataka kuvichukua vitabu vyote. Vichukue. Hiki changu sikitoi. Umemchora Filipo amekaa mlangoni, amevaa kofia yake. Kofia umeipatia. Ila hakuwa mwembamba hivyo. Sina picha yake nyingine. Ukurasa huo nimeukata, uko ukutani.

Kwenye picha anaangalia pembeni. Nakuuliza. Ulimwona hivyo? Ulikuwa unakuja kwangu asubuhi na jioni na kibuyu cha maziwa, na watoto husikia ambayo wakubwa hatusikii. Alisema lolote kuhusu mimi? Niambie alichosema, hata kama ni kibaya. Kwa umri huu nitakimeza.

Usije nyumbani kwangu. Njoo kanisani siku ya Jumapili, usimame pale niliposimama. Kisha nenda darasani kwa mwalimu, Pendo akiwepo.

Ni mimi,
Yunisi, mama Urbano


Morogoro,
11 Aprili 2024

Mama Urbano, shikamoo.

Loyce atakusomea barua hii, nami safari hii nasema na wewe.

Nitaanza na ulichoniuliza, kwa sababu ndicho kilichoninyima kula. Ningeweza kukuandikia kwamba nilimsikia Baba Urbano akikutetea. Nimekaa na karatasi siku mbili nikiitunga sentensi hiyo. Hiyo ndiyo kazi yangu, ningeitunga vizuri, ningeweka na kikohozi chake na mbuzi wakipita, nawe ungeiamini. Nilishaandika, "Siku moja nilimsikia akimwambia jirani." Nikaichana.

Sikusikia kitu. Baada ya siku ile sikurudi tena kwako kuchukua maziwa. Nilimwambia mama kwamba naogopa mbwa wenu. Hamkuwa na mbwa wa kuogopesha, mlikuwa na kale kazee kasikokuwa na meno. Mama akaanza kununua maziwa kwingine. Hivyo sijui Baba Urbano alisema nini wala aliamini nini, na sababu ya kutojua kwangu ni hiyo.

Kuhusu picha: sikumwona akiangalia pembeni. Nilijaribu kumchora mara nne akiangalia mbele, na kila mara alikuwa ananiangalia mimi. Mara ya tano nikamgeuza shingo. Nilijiambia inapendeza zaidi kwa macho.

Sina cha kukupa mahali pa jibu ulilolihitaji. Samahani ni neno dogo na nimechelewa nalo miaka ishirini na saba, lakini silifichi: nisamehe, na usiponisamehe pia nitaelewa.

Wachapaji nimewaambia kosa lenyewe, kwa barua yenye saini yangu. Cheti nimekirudisha. Jana nilimpigia mama simu nikamweleza. Akasema, "Ulikuwa kwenye mapaja yangu," akakata simu. Hajapokea tangu hapo.

Nitakuja Jumapili ya tarehe 21. Nitasimama pale.

Mimi,
Aneth


Ihanja,
12 Mei 2024

Aneth, ndugu yangu,

Natumaini ulifika salama na sauti imerudi. Najua bado unamsikia Mzee Sostenes akisema kutoka nyuma, "Ongeza sauti, mwanangu, huku hatusikii," ukalazimika kuanza upya tangu maua. Hapa watu wanalisimulia hilo kuliko yote. Wengine wanasema alifanya makusudi. Yeye anasema masikio.

Hukukaa uone yaliyofuata, na sikulaumu, hata mimi nisingekaa kama ningekuwa na basi la kupanda. Nilipomaliza kusema la kwangu na la marehemu baba, dada zangu waliondoka bila kunisalimia. Wananiambia nimemfukua. Labda ni kweli. Wiki ya kwanza nilipita gulioni nikahesabu mawe ya njia. Kuna waliokasirika na sisi kwa uongo wetu, na kuna waliokasirika zaidi kwa kuukatisha. Mzee mmoja aliniuliza waziwazi, "Sasa mlitaka tufanye nini?"

Mama yako bado hajatoka sana. Anateka maji saa ambazo hakuna watu. Nilikwenda kumsalimia akanikaribisha uji, na tulipokuwa tunakunywa akasema alizisikia kucha zako zikinata kwenye kitenge chake siku ile, akadhani ni ubuyu. Mpigie tena. Usichoke.

Watu walimpelekea Mama Urbano kuku na unga wa uwele. Kuku alirudisha, unga akapokea, akasema kuku hulia usiku kucha kumkumbusha mtu aliyemleta. Mchungaji akamwomba arudi kwenye zamu ya usafi. Akamjibu kwamba goti linamuuma, na kama kanisa ni chafu wapo waliolichafua. Dorkas alikwenda kwake, wakakaa ndani mlango umefungwa tangu saa nne mpaka saa tisa. Nani alisema nini sijui. Waliokuwa nje walisikia kelele za kugombana, halafu za kulia, halafu kugombana tena. Kwa sasa hawasalimiani vizuri, ila wanasalimiana.

Pendo ndiye anayenisumbua. Ulipomwambia darasani kwamba mwizi ulikuwa wewe, alikuangalia, halafu akaniangalia mimi. Anakula nyumbani sasa. Lakini juzi nilimkuta amekaa peke yake nyuma ya choo cha walimu. Nikamuuliza nini. Akasema, "Mwalimu, nilimwambia simjui." Nikamwambia bibi ameshasamehe. Akasema, "Hajasema. Anapika tu." Nilikaa naye pale chini mpaka kengele ikalia. Ana miaka minane na ameshajua jinsi ilivyo kubeba jambo kama letu. Hilo ndilo siwezi kulipa, wala wewe.

Nakala thelathini na tisa nimezifunga, zitakuja kwa basi la Alhamisi. Kuhusu kukusamehe, nilimuuliza kama ulivyoniomba. Alisema, "Mwambie asubuhi huwa nimemsamehe. Mchana nikimwona yule ukutani ameangalia pembeni, nauchukua tena msamaha wangu. Aendelee kungoja, hata mimi nilingoja." Nimeandika kama alivyosema.

Ijumaa iliyopita, tulipofungua stoo, alikuja. Alivaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Mzee Sostenes akampisha kwenye kivuli. Akasimama mbele ya kabati, akaniambia anataka kujifunza kusoma. Nikasema karibu sana, Mama Urbano, na kwa haraka ya kumfurahisha nikamtolea vitabu vya watoto vile vyepesi, vya kuku na kikombe, vyenye picha kubwa.

Akavisukuma kwa mkono wake wa kulia, mbele ya watu wote.

"Hivyo nilishavisoma," akasema. "Nipe visivyo na picha. Nataka siku nyingine mtu akiniandika, nijisomee mwenyewe."

Tumeanza na herufi a.

Loyce